Bizimu la Mkanda la Jeshi la Ujerumani: Dalili za Uongo na Chanzo Chake

Bizimu langu la kwanza nililinunua Hamburg, kwenye soko la vitu vya zamani, asubuhi yenye manyunyu. Muuzaji alikuwa amebandika kijikaratasi cha duara juu ya swastika, alama ya Wanazi, kwa sababu kifungu cha 86a cha kanuni ya adhabu ya Ujerumani kinakataza kuionyesha alama hiyo hadharani. Nilishughulika na kile kijikaratasi kama mtoto na zawadi iliyofungwa. Nililipa, nikatia mfukoni, nikapanda treni. Nyumbani nikalisogeza kwenye mlango wa friji, penye sumaku ya picha. Bizimu nililoambiwa ni la chuma, la mwaka 1942, liliteleza likaanguka sakafuni.

Kosa langu halikuwa kukosa sumaku. Kosa lilikuwa kuangalia uso tu. Uso wa bizimu ndio anaoushughulikia mghushi, kwa sababu ndio anaoujua mnunuzi. Mgongo anaufanya kwa haraka. Kwa hiyo ukishika bizimu lolote, ligeuze kwanza, na ulisome kama unavyosoma cheti: kila kitu kilichoandikwa pale lazima kikubaliane na vingine. Mkusanyaji mzoefu hatafuti dalili moja ya uhalisi. Anatafuta mgongano.

Vifaa ni vichache: sumaku ndogo, lenzi ya kukuza mara 10, kipimo cha milimita cha taya mbili kama kile cha fundi wa mashine, mizani ya jikoni inayosoma sehemu za gramu, na taa ya wati chache yenye mwanga mkali wa pembeni. Tochi ya simu inatosha.

Kitu chenyewe kilivyo

Askari wa kawaida alivaa mkanda wa ngozi wenye upana wa kama milimita 45. Mwisho mmoja una kulabu ya metali. Mwisho wa pili una utepe wa ngozi wenye matundu, unaoingia nyuma ya bizimu na kushikwa na meno mawili yaliyo kwenye kijiti. Kulabu ikinasa upande wa pili, mkanda umefunga. Mabizimu mengi ya kabla ya miaka ya katikati ya Vita vya Pili yana pia kipande cha ngozi kilichoshonwa kwenye kile kijiti, na juu yake kimegongwa jina la kiwanda, mji na mwaka. Hapa nitakiita ulimi.

Mengi yalitengenezwa kwa kugonga bamba la metali kwa muhuri mzito wa chuma kigumu. Shika hilo neno, kugonga, maana nusu ya mwongozo huu inatoka humo. Bamba likigongwa, kinachoinuka mbele kinabonyea nyuma: ukigeuza bizimu utaona kivuli cha tai au taji kimezama mgongoni. Anayeghushi kwa bei rahisi hagongi, anasubu: anamimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka bizimu halisi.

Dalili: sumaku inasema hivi, muuzaji anasema vile

Prussia ilianza bizimu lake la "Gott mit uns", yaani Mungu yu pamoja nasi, mwaka 1847, kwa mwili wa shaba ya manjano na duara la metali nyeupe lililobandikwa katikati. Shaba ilipohitajika kwingine wakati wa Vita vya Kwanza, kuanzia 1915 likaja la chuma lililopakwa kijivu. Hadithi ikajirudia baadaye. Jeshi la nchi kavu lilipopata bizimu jipya la tai na swastika mwaka 1936, mengi yalikuwa ya alumini. Vita ilipokaza, alumini ikaenda kwenye ndege, na mabizimu yakarudi kwenye chuma.

Kwa hiyo sumaku ina maswali mawili tu. Ukiambiwa chuma na isishike, umeshikilia metali nyingine, mara nyingi zinki au mchanganyiko wake. Ukiambiwa alumini au shaba na ishike kwa nguvu, umeshikilia chuma kilichopakwa au kuchovywa. Angalia usiguse meno wala kijiti, ambavyo vinaweza kuwa vya metali tofauti na mwili. Gusa mwili.

Penye ugumu ni kati ya alumini na zinki, maana zote mbili hazishiki. Mkono uliozoea hutambua, kwani bizimu la alumini ni jepesi kiasi cha kukushangaza mara ya kwanza. Mkono usiozoea upime. Weka bilauri ya maji kwenye mizani, ibonyeze irudi sifuri. Fungia bizimu uzi, lizamishe lote bila kugusa kitako wala kuta za bilauri, usome namba. Hiyo namba ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Tuseme linapima gramu 46 na maji yakasoma 17: jibu ni 2.7, na hiyo ni alumini. Likikupa kati ya 6.5 na 7.1, ni zinki au ndugu zake, rudisha. Chuma ni karibu 7.9, shaba ya manjano karibu 8.5. Bizimu lenye ulimi wa ngozi usilitie maji kabisa, na la chuma lenye rangi ya asili pia liache. Kwa hilo sumaku imeshatosha.

Dalili: maandishi yamelainika kama sabuni iliyotumika

Hii ndiyo dalili niliyokaa nayo muda mrefu zaidi, kwa sababu ina vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa maana.

Chanzo cha kwanza ni kuvaliwa. Bizimu lililosuguliwa na meza, bunduki, magunia na mikono kwa miaka mitatu linalainika. Lakini linalainika kwa mantiki: sehemu zilizoinuka ndizo zinazoisha. Kifua cha tai, ncha za mabawa, ukingo wa duara, kona za bizimu lenyewe. Chini kabisa, kati ya herufi na herufi, pale kitambaa hakifiki, vidoti vya uwanja, yaani vya ile sehemu ya chini inayozunguka picha na maandishi, vinabaki vikali kama siku ya kwanza. Inamisha tochi pembeni utaviona.

Chanzo cha pili ni kusubu. Metali iliyomiminwa haiingii kwenye pembe kali za kalibu kama muhuri unavyoingia kwenye bamba, hivyo ulaini uko kila mahali sawasawa, juu na chini. Herufi zinakutana na uwanja kwa mviringo badala ya pembe. Majani ya mwaloni chini ya tai yanakuwa kama mchicha uliochemka. Kwa lenzi tafuta vishimo vidogo vya hewa, hasa mgongoni, na mstari mwembamba ukingoni ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Mara nyingi mstari huo umepigwa tupa, kwa hiyo tafuta mikwaruzo ya tupa inayokwenda upande mmoja. Kisha geuza: mgongo bapa, usio na kivuli cha picha ya mbele, kwenye bizimu linalodaiwa kugongwa kutoka bamba, unamaliza mjadala.

Nimewahi kusikia hoja kwamba bizimu fulani ni laini kwa sababu muhuri wa kiwanda ulikuwa umechoka. Inawezekana, mihuri huchoka. Lakini muhuri uliochoka unaacha bamba lenye unene ule ule, lenye mgongo uliobonyea, na lenye kingo zilizokatwa safi. Hauleti vishimo vya hewa.

Dalili: vipimo vinapungua kidogo

Bizimu la askari wa Vita vya Pili kwa kawaida lina urefu wa kama milimita 64 hadi 65 na kimo cha karibu 48 hadi 50. Viwanda vilikuwa vingi, kwa hiyo nusu milimita isikukoseshe usingizi. Lakini metali iliyomiminwa husinyaa inapopoa, kwa asilimia moja na kitu hivi. Kwenye milimita 64 hiyo inakaribia milimita nzima. Nakala iliyosubiwa kutoka nakala husinyaa mara mbili. Pima pia umbali kati ya vitu vya ndani, mfano kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, ukilinganisha na halisi la kiwanda kile kile. Ukingo unaweza kupigwa tupa ukadanganya, ila ncha za mabawa hazisogezeki.

Namna nyingine ya kupima ni mkanda. Utepe wa mkanda halisi ukikataa kuingia nyuma, au meno yakiwa membamba kama ya bizimu la duka la nguo za sinema, una swali la kuuliza.

Dalili: maneno, alama na kikosi havikubaliani

Hapa hutahitaji hata kifaa. Unahitaji kujua nani alivaa nini.

Enzi za Kaisari, kila ufalme ulikuwa na neno lake. Prussia ilikuwa na taji na "Gott mit uns". Bavaria "In Treue fest", imara katika uaminifu. Saksonia waliandika Kilatini, "Providentiae memor". Württemberg "Furchtlos und trew", bila woga na mwaminifu, na hiyo w ya mwisho ndiyo tahajia yao ya kale. Ukiona wameisahihisha kuwa u, aliyeisahihisha huenda ni mghushi aliyesoma Kijerumani cha kisasa.

Kuanzia 1936 askari wa nchi kavu alivaa tai mwenye mabawa yaliyokunjwa, ameshika swastika, "Gott mit uns" juu na majani chini. Jeshi la majini walitumia picha hiyo hiyo kwa rangi ya dhahabu. Jeshi la anga hawana maneno kabisa: tai wao anaruka ndani ya shada la mwaloni, na yale ya mwanzo yana tai mwenye mkia ulioinama. Polisi wana swastika kubwa katikati, haijabebwa na tai, na maneno ya Mungu yamebaki. Vijana wa Hitler wana "Blut und Ehre", damu na heshima. SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Nazi, wana "Meine Ehre heißt Treue", heshima yangu ni uaminifu. Kuhusu SS nitasema kifupi: ndiyo yanayoghushiwa kuliko yote kwa sababu ndiyo ghali, na mtu mwenye mwaka mmoja katika kazi hii hana biashara ya kuyanunua. Simaanishi bei tu. Kuna watu wanaoyataka kwa sababu zisizo za historia, na hao ndio wanaopandisha bei.

Sasa migongano ya kawaida. Muuzaji akikwambia "la ofisa" huku amekuonyesha bamba lenye tai na maneno, kakosea au kakukosea: ofisa wa jeshi alivaa mkanda wa kahawia wenye bizimu la fremu tupu la meno mawili, na kwenye sherehe mkanda wa nyuzi wenye bizimu la duara. Bizimu la nchi kavu lenye chapa ya RZM nalo ni shaka. RZM ni Reichszeugmeisterei, ofisi ya vifaa ya chama cha Nazi, iliyosimamia mavazi ya SA (wanamgambo wa chama), vijana na vyombo vingine vya chama. Jeshi halikuwa chini yake. Kwenye bizimu la vijana, chapa ya M4 pamoja na namba ya kiwanda ni sawasawa; kwenye la mwanajeshi wa miguu, mtu kachanganya mihuri.

Na kuna mgongano usio wa udanganyifu hata kidogo. Tai hana swastika, amezungukwa na maneno "Einigkeit Recht Freiheit", umoja, haki, uhuru. Hilo ni la Bundeswehr, jeshi la Ujerumani Magharibi lililoanzishwa 1955. Lenye nyundo na bikari ndani ya shada la masuke ya nafaka ni la Ujerumani Mashariki. Yote mawili ni halisi, yanapatikana kwa wingi, na yanauzwa na wasiojua kama ya vita. Mabizimu haya nayapenda: kwa pesa ya chakula cha mchana unapata kitu cha kweli cha kujifunzia jinsi bamba lililogongwa linavyoonekana.

Swastika ikiwa imepigwa tupa hadi ikafutika, usikimbie. Baada ya 1945 Wajerumani wengi walifanya hivyo ili waendelee kuvaa mkanda shambani. Bei hushuka, uhalisi hauondoki. Kinachotakiwa ni kwamba jeraha la tupa lenyewe liwe limezeeka, si la wiki jana linalometameta.

Dalili: ulimi wa ngozi unaongea peke yake

Miji ya mabizimu ni michache, na mfalme wao ni Lüdenscheid huko Westfalen, mji wa vifungo na metali ndogo ndogo tangu zamani. Huko walikuwepo Assmann, Overhoff, Friedrich Linden, Paulmann & Crone, Noelle & Hueck, Richard Sieper na wengineo. Dransfeld walikuwa Menden jirani. Kwenye ulimi utakuta jina na mwaka. Kwenye mabizimu ya chuma ya baadaye, ambayo mengi hayana ulimi, utakuta herufi za mwanzo za jina la kiwanda zimegongwa mgongoni kwenye metali: R.S.&S., N&H, JFS.

Ulimi unapewa bizimu bandia ili ulitetee. Kwa hiyo usisome jina tu, soma hali yake. Ngozi iliyokaa miaka 80 ikigusana na metali imechukua umbo la metali: ina alama ya meno, ina bonde palipopita kijiti, na penye shaba mara nyingi ina nta ya kijani. Ngozi iliyozeeshwa kwa chai au rangi ya viatu ina rangi sawa mbele na ndani ya kunjo. Funua kunjo kwa ukucha, taratibu, bila kuvunja: la kale lina rangi nyepesi mahali ambapo mwanga na jasho havikufika.

Uzi nao. Kwa lenzi, uzi wa kale ni wa pamba au kitani, umevimba na kufifia, na umezama kwenye ngozi. Ukimulikwa kwa taa ya urujuanimno, nyuzi nyingi za kisasa huwaka bluu-nyeupe. Nasema nyingi: uzi wa zamani uliofuliwa na sabuni ya leo nao unaweza kuwaka. Ni dalili ya kuongeza kwenye nyingine, haisimami yenyewe.

Mwaka pia usomwe dhidi ya uso. Ulimi wa 1915 kwenye bizimu la taji ni sawa. Ulimi wa 1934 kwenye bizimu la tai wa 1936 unahitaji maelezo, na maelezo ya kawaida ni kwamba mtu kahamisha ulimi kutoka bizimu lililovunjika. Tafuta mashimo ya sindano mawili mawili. Ngozi iliyoshonwa mara mbili haisahau.

Dalili: kutu nzuri mno

Kutu ya kweli inakula kutoka chini ya rangi. Rangi inainuka kama ngozi ya muhogo uliochemka, pembeni yake pana kahawia nzito iliyokaa tabaka tabaka. Kutu ya kutengenezwa, kwa chumvi, siki au tindikali, ni ya rangi ya chungwa, unga unga, imeenea sawia uso mzima hata pale ambapo kidole cha askari kingepaguza kila siku. Futa kwa kitambaa cheupe: ikitoka kwa wingi kama poda ya kari, jihadhari.

Rangi yenyewe isikutishe kwa kutofautiana. Kijivu-kijani cha jeshi la nchi kavu kilibadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, na kijivu cha bluu cha jeshi la anga vilevile. Kinachonitisha mimi ni rangi iliyojaa hadi kwenye mikwaruzo. Mkwaruzo mkubwa chini ya rangi mpya maana yake mtu kapaka juzi. Kwenye ya dhahabu ya majini, dhahabu huondoka juu ya mabawa kwanza na kubaki mashimoni. Ikiwa imeondoka mashimoni na kubaki juu, nani alivaa mkanda kinyumenyume?

Dalili: hadithi ya babu haipiti ramani

Hii nawaandikia hasa watu wa kwetu, maana kila nikitaja ninachokusanya kuna mtu anayekumbuka kitu ndani ya sanduku la babu. Hadithi hizi nazipenda na sizibezi. Lakini nazo zipitishwe kwenye kipimo.

"Babu alikuwa KAR, alilitoa Burma." KAR ni King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki. Waafrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944, wa Divisheni ya 11, walipambana na Wajapani. Mjerumani wa kuvuliwa mkanda hakuwepo pale. Hiyo haimfanyi babu kuwa mwongo. Askari walibadilishana vitu kambini na melini, na jamaa wengine walipelekwa Misri na Mashariki ya Kati kwenye vikosi vya kazi, ambako walikuwepo mateka wa jeshi la Rommel, jenerali wa Kijerumani; majeshi ya Wajerumani Afrika Kaskazini yalisalimu amri Tunisia Mei 1943. Uliza babu alipita wapi kabla ya Burma. Kama ni la Afrika Kaskazini, mkanda wake unaweza kuwa wa turubai badala ya ngozi, na bizimu limepakwa kijani cha zeituni.

"Lilichimbwa kwenye boma la Wajerumani, la vita vya 1914." Vizuri, lina nini usoni? Likiwa na taji, kaa chini uendelee kusikiliza. Vita ya Tanga ilikuwa Novemba 1914, Mahiwa Oktoba 1917, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Hata bizimu la baharia wa Kaisari linaweza kupatikana bara, kwa sababu meli ya Königsberg ilipozamishwa na wenyewe kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mabaharia wake walijiunga na vita vya nchi kavu na mizinga yao. Likiwa na swastika, basi halikuzikwa na mtu wa 1914. Alama hiyo haikuwepo kwenye mavazi ya jeshi hadi baada ya Hitler kuingia madarakani, na wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza kwa miaka zaidi ya kumi. Njia moja ya kweli imebaki: walowezi wa Kijerumani walirudi Tanganyika miaka ya 1920, na wengine wao miaka ya 1930 walikifuata chama cha Hitler hadi walipotiwa kizuizini 1939. Hapo ningetarajia bizimu la chama au la vijana kuliko la jeshi.

Na kama liko ardhini, liache ardhini. Mahali lilipolala, kina chake, na vilivyo jirani nalo vinaeleza zaidi kuliko lenyewe likiwa mkononi, na jirani hao wanaweza kuwa mifupa ya askari au ya mpagazi, au kombora ambalo halijalipuka. Piga picha, weka alama, waambie watu wa Mambo ya Kale au makumbusho.

Dalili: lilikuwa zima, sasa linaoza ndani ya kabati lako

Pwani tuna chumvi hewani, na chumvi haitofautishi halisi na bandia. Alumini ikitoa unga mweupe, chuma kikianza vidoa vipya vya chungwa, shaba ikitoa nta ya kijani penye ngozi, chanzo karibu kila mara ni unyevu, au ni mfuko. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa mvuke wenye asidi unaokula metali, itoe leo. Tumia karatasi isiyo na asidi ndani ya kisanduku, pamoja na vifuko vya jeli ya kufyonza unyevu, na uvikaushe mara kwa mara. Nta ya kijani itoe kwa kijiti cha mbao, si kwa kisu. Chuma kipake mafuta mepesi ya mashine kwa pamba, kidogo sana, bila kugusa ngozi. Usipige msasa, usitie dawa ya kung'arisha shaba. Kila anayeng'arisha anafuta ushahidi ule ule tuliotumia kurasa hizi kuusoma.

Dalili: muuzaji ana majibu mengi kuliko bizimu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayekuletea mabizimu matano ya kiwanda kimoja, yote yamechakaa sehemu ile ile, hana bahati, ana kalibu. Angalia mikwaruzo: mkwaruzo mmoja ukijirudia kwenye mabizimu mawili, ulikuwa kwenye bizimu mama. Kama anauza kwa picha, omba picha ya mgongo, ya pembeni na ya ulimi uliofunuliwa, kwa mwanga wa pembeni. Akikutumia tena ile ile ya mbele, umeshajibiwa. Omba pia haki ya kurudisha kwa maandishi kabla ya kulipa, na ujue kwamba Ujerumani na Austria zina sheria kali za alama hizi, na masoko makubwa ya mtandaoni mengi yameziondoa. Kifurushi chenye picha ya swastika juu yake kinaweza kukuletea shida forodhani hata kama kilichomo ni cha makumbusho.

Sio kila bandia ilizaliwa ili kudanganya. Nakala nyingi zilitengenezwa kwa sinema na kwa wanaoigiza vita, zikauzwa wazi kama nakala, kisha mkono wa tatu au wa nne ukazitia kutu. Ndiyo maana nakala haipaswi kurudi sokoni kimya kimya kwa kisingizio kwamba na wewe ulidanganywa.

Langu la Hamburg sikulirudisha, yule muuzaji sikumwona tena. Nililipeleka kwa fundi wa funguo, akanichongea kwa mashine yake neno NACHBILDUNG mgongoni, kwa herufi za kina, na chini yake NAKALA. Liko kwenye droo pamoja na lile la kwanza halisi nililopata baadaye, la Bavaria, la chuma, limetoboka kutu kona moja. Mgeni akija nikampa yote mawili ashike bila kuangalia maandishi, wengi huchagua la zinki. Linang'aa zaidi.